Golbanti na Kalenda ya Maji

Mto Tana hauingii baharini pale ulipokuwa ukiingilia zamani. Mdomo wake wa kale uko kusini, upande wa Chara. Maji makubwa siku hizi hutokea Kipini, kaskazini zaidi, na yalifika huko kwa njia iliyofunguliwa kwa majembe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, alichimbisha mfereji wa kuuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi iliyobeba mpunga na pembe iteremke hadi Kau bila kutokea baharini. Mfereji huo ndio Belezoni. Ulianza kama ujia mwembamba wa kupitisha mitumbwi. Mafuriko yakaula kingo zake, mwaka baada ya mwaka, na karne ilipokaribia kwisha mto wenyewe ulikuwa umeshachagua kupita humo. Waliokuwa wakiishi kwenye mkondo wa zamani walijikuta na maji ya chumvi pale walipozoea maji ya kunywa.

Nimeanza na Belezoni kwa kuwa ndiyo inayomfundisha mtu namna ya kuvisoma vijiji vya huku. Kwingine mwandishi wa historia ya kijiji hujua pa kuanzia: kilima fulani, kisima fulani, jiwe la msingi la kanisa, kibla cha msikiti. Watu huja, watu huenda, pahali panabaki. Katika delta ya Tana pahali penyewe hupanuka, hupungua, huzama na huibuka, na mara nyingine huhama kabisa. Golbanti, kijiji ninachotaka kukizungumzia, ni kijiji kidogo, na ukikitafuta kwenye ramani utakiona kama nukta. Kadiri ninavyokifikiria ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa nukta ile haitoshi. Kijiji cha Tana hukaa katika majira kama kinavyokaa katika ardhi, na asiyejua majira yake hawezi kusema anakijua.

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 100, upande wako wa kushoto ni nyika kavu ya miti ya miiba. Upande wa kulia, nyuma ya vichaka, ndiko delta iliko, lakini barabara haikuonyeshi. Kabla hujafika Garsen kuna njia za vumbi zinazokata kulia kwenda Tarasaa, Ngao, Oda na Golbanti. Ukizifuata, rangi hubadilika ghafla. Vumbi jekundu linakwisha, unaanza udongo mweusi, na miembe mikubwa inasimama mbele yako kwa safu. Mwembe wa huku ni alama ya makazi. Ukiona miembe mirefu mahali pasipo na nyumba, jua kwamba watu walikuwapo.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba ukisimama ukingoni na kuupa mto kisogo, nchi inateremka. Tumezoea kushuka kwenda mtoni. Hapa mtu hupanda. Kila mto unapofurika, mchanga mzito hutua kwanza, palepale ukingoni, na tope jepesi huchukuliwa mbali zaidi. Kwa karne nyingi kingo zimejijenga hivyo, zikawa ndiyo sehemu ya juu kabisa ya nchi, na nyuma yake kuna mabonde mapana yanayokinga maji. Kwa hiyo nyumba hukaa karibu na mto, juu ya ukingo, pamoja na miembe na migomba. Ukiteremka hatua chache unaingia kwenye mahindi na kunde. Ukiteremka tena, udongo unakuwa mzito na wenye kunata, na hapo ndipo pa mpunga. Mbele ya mpunga ni nyasi ndefu za bondeni, kisha mbuga, kisha miiba ya bara. Shamba la ukoo wa Wapokomo, wakulima wa kingo hizi, halikukatwa mraba. Ni ukanda unaoanzia majini na kwenda bara, ili kila ukoo upate fungu lake la ukingo na fungu lake la bonde, la kuulisha mwaka wa kiangazi na la kuulisha mwaka wa maji mengi. Sijaona upimaji wa ardhi wenye busara kuliko huo.

Mvua ya Garsen ni haba. Mpunga wa Golbanti haukuoteshwa na mvua ya Golbanti. Tana ni mto wa kilomita 1,000 hivi, na maji yake hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Murang'a na Embu, hugeuka Garissa, kisha huteremka kusini kupitia Hola. Ndiyo maana delta inaweza kufurika chini ya jua kali, watu wakitazama mbingu isiyo na wingu na maji yakiwapanda magotini. Kwa kawaida mto hujaa mara mbili: mwezi wa nne hadi wa sita, kwa mvua za masika za bara, na tena mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, kwa vuli. Kati ya nyakati hizo hunywea.

Ni katika kule kunywea ndiko maarifa makubwa ya wenyeji yaliko. Maji yanaporudi nyuma bondeni, mpaka wa unyevu huonekana kwa macho: mstari wa tope jeusi linalong'aa, na nyuma yake udongo uliofifia unaoanza kupasuka. Mpanzi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huufuata mstari huo siku hata siku. Akiutangulia, mbegu huoza majini. Akichelewa, ardhi imeshakuwa ngumu kama tofali. Hutoboa kwa kijiti, hudondosha punje chache, hufukia kwa unyayo, husogea. Shamba halipandwi kwa siku moja, wala mpaka wake haujulikani mapema. Mwaka huu litaishia kwenye mkuyu ule, mwakani litaishia hatua mia mbili mbele au nyuma, kwa kadiri maji yalivyokwenda. Mtu akiuliza shamba la nani liko wapi, jibu la haki ni lazima litaje mwezi.

Na mwezi huohuo ndio uliowahusu Waorma. Wao ni wafugaji, na ng'ombe wao ndio mali, heshima na chakula chao. Mvua ikinyesha bara, huchunga bara, mbali na mbu na matope. Bara ikikauka na madimbwi yakakauka, huelekea mtoni, kwa kuwa nyasi za bonde hubaki mbichi wakati kila kitu kingine kimekufa. Ikiwa kalenda imekwenda vizuri, ng'ombe hufika mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Hula mabua, huacha mbolea, hunywa maji na kurudi. Njia wanazopita katikati ya mashamba kwenda mtoni huitwa malka, na kila malka ilijulikana na pande zote mbili. Ng'ombe akiingia shambani kabla ya wakati wake, wazee hukaa. Wapokomo wana baraza lao la wazee, gasa. Waorma wana wazee wao. Faini hulipwa, maziwa hubadilishwa na mpunga, na mwaka unaendelea.

Sisemi kwamba palikuwa na amani ya malaika. Katika karne ya 19, na kabla yake, Waorma walikuwa wababe wa nchi hii na Wapokomo waliwatolea kodi ya nafaka. Kisha katika miaka ya 1860 Waorma nao walivunjwa na mashambulizi ya Wasomali kutoka kaskazini, wengi wakauawa au kuchukuliwa, na Wamaasai wakawa wanapiga kutoka magharibi. Ninachosema ni kwamba hata kati ya watu waliowahi kuumizana kulikuwa na kalenda, na kalenda hiyo iliheshimiwa kwa sababu mto ndio uliokuwa ukiipanga. Hapana mtu aliyeweza kubishana nao.

Golbanti kiliingia katika vitabu vya wageni kupitia kosa la kuhesabu. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliamini kuwa Waorma, ambao Wazungu wakati huo waliwaita Wagalla, ndio ufunguo wa Ukristo katika Afrika Mashariki yote. Ndoto hiyo ilirithiwa na Wamethodisti wa Uingereza. Thomas Wakefield alikaa Ribe, juu ya Mombasa, tangu 1862, akisafiri na kuandika habari za njia za bara, na wakati wote macho yake yalikuwa Tana. Mwaka 1885 hatimaye kituo kikafunguliwa Golbanti. Lakini taifa kubwa lililokuwa katika mawazo ya Krapf lilikuwa limeshapigwa na kutawanyika. Wamisionari walikuja kuwatafuta wafugaji, wakawakuta wachache waliojeruhiwa, na waliojaza kanisa miaka iliyofuata wakawa zaidi Wapokomo, wakulima ambao ndoto ile haikuwataja.

Walipelekwa huko John na Annie Houghton, mume na mke, wageni wa nchi. Tarehe 3 Mei 1886, miezi michache tu baada ya kuwasili hapo, Wamaasai walishambulia kituo na kuwaua wote wawili, pamoja na watu wengine wa pale. Uingereza ilikuwa bado katika mshtuko wa kifo cha Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885, na habari ya Golbanti ikasomwa makanisani kama sura ya pili ya msiba huohuo. Kaburi la akina Houghton liko kijijini hadi leo, na kwa wengi walio mbali hilo ndilo jambo pekee wanalolijua kuhusu Golbanti.

Mimi kaburi lile hunitia simanzi, na pia hunitia maswali. Waliokufa siku ile hawakuwa wawili tu. Majina ya Waafrika waliouawa pamoja nao ni taabu kuyakuta katika masimulizi yaliyochapishwa, ilhali hao ndio waliokuwa na ndugu wa kuwalilia mtoni palepale. Hata aliyekiendesha kituo baada ya msiba, Mchungaji W. H. During, Mwafrika kutoka Sierra Leone, upande wa pili wa bara, aliyekuja kuhubiri, hatajwi sana. Ningependa mtoto wa Golbanti ajue kwamba kijiji chake kiliwahi kuongozwa kanisani na mtu wa Sierra Leone, wakati ambapo watu wengi wa pwani walikuwa hawajawahi kusikia jina la nchi hiyo.

Mwaka uliofuata, 1887, Wajerumani wakafungua kituo chao Ngao, jirani kabisa. Walitoka katika shirika dogo la Neukirchen, lililoanzishwa na mchungaji Ludwig Doll aliyekuwa na nyumba ya yatima, nao walikuja bila mshahara wa uhakika. Ferdinand Würtz, mmoja wao, alijifunza Kipokomo kwa bidii ya ajabu. Aliandika sarufi na hadithi za Wapokomo, akatafsiri Injili, na Agano Jipya la Kipokomo likachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hivyo lugha ya wakulima wa kingo za Tana iliingia katika maandishi ya Kilatini mapema kuliko lugha nyingi za Kenya ambazo leo zina redio na magazeti.

Haikuwa bahati tu kwamba Wajerumani walikuja wakati ule. Ndugu Clemens na Gustav Denhardt walikuwa wameupanda Tana mwaka 1878, na Aprili 1885 waliafikiana na Sultani Ahmed, mchimbaji wetu wa Belezoni, Witu ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Kwa miaka 5 delta ilikuwa mahali ambapo dola mbili kubwa za dunia zilipakana, na vijiji viwili vilivyo umbali wa mwendo wa asubuhi moja vilikuwa kimoja na mchungaji wa Waingereza na kingine na mchungaji wa Wajerumani. Mjerumani mwingine, Carl Peters, alipita hapa mwaka 1889 akiupandisha mto na bunduki zake, akichukua chakula kwa nguvu na kuua watu njiani. Julai 1890 Berlin na London zikabadilishana: Uingereza ikatoa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Ujerumani ikaachia Witu. Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake wakauawa Witu, na Oktoba Admirali Fremantle wa Uingereza akaja na mabaharia wake akauchoma mji. Mpunga wa mwaka ule sijui ulivunwa na nani. Barua za mabalozi hazina habari za mpunga.

Vita Kuu mbili zikawakuta Wajerumani wa Ngao ndani ya koloni la adui yao, na mwishowe makanisa yao yakaangukia mikononi mwa Wamethodisti, yaani majirani zao wa Golbanti. Ngao kuna hospitali leo, na mtu anayeugua Golbanti hupelekwa huko. Hesabu ya dola mbili iliishia hapo.

Kuna kitu kingine kilichoondoka mtoni katika miaka hiyo na hakijarudi. Wapokomo wa Tana ya chini walikuwa na ngoma kubwa iliyochongwa katika gogo, Ngadji. Haikupigwa kwa viganja. Ililia kwa kusuguliwa, na sauti yake ilikuwa ya kuogofya, ikisikika mbali. Waliokuwa hawajaingizwa katika mambo yake hawakuruhusiwa kuiona. Palipo Ngadji ndipo palipo mamlaka: wazee walikutana chini ya ulinzi wake, ibada na mavuno vilifuata sauti yake. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1900, na tangu 1908 imo katika British Museum, London. Wazee wa Kipokomo wameiomba irudishwe. Wakoloni walichukua vitu vingi Afrika, na wengi wameandika juu ya shaba ya Benin na hazina ya Maqdala. Ngadji haina dhahabu wala shaba. Ni gogo. Lakini ukiondoa kitu kinachowakutanisha wazee wanaoamua nani alime wapi na ng'ombe wapite lini, umeondoa saa ukutani, na walio ndani ya nyumba watabishana juu ya wakati.

Nikitazama jinsi mambo ya Golbanti yalivyotawanyika, hunijia picha ya vijiji vya Ufaransa. Kijiji kidogo kabisa cha huko, chenye watu mia mbili na duka moja la mikate, kina ofisi ya meya, na kwa desturi kina daftari za vizazi, ndoa na vifo kuanzia 1792, na ramani za viwanja kutokana na upimaji ulioamriwa na Napoleon mwaka 1807. Mwalimu mstaafu akitaka kuandika habari za kijiji chake huvuka uwanja, hugonga mlango, huketi na kusoma. Mwana wa Golbanti akitaka kufanya vivyo hivyo, barua za Wamethodisti ziko chuo cha SOAS mjini London, karatasi za Neukirchen ziko Ujerumani, taarifa za maofisa wa wilaya ziko Nairobi, na ngoma ya mababu iko ghalani kwa watu. Kilichobaki nyumbani ni makaburi, miembe na wazee, na wazee wanapungua.

Hata hivyo sitamani ramani ya Napoleon kwa Golbanti. Ramani ile hupima kila kiwanja mara moja, humwandikia mtu mmoja, na husema: tangu leo hadi mwisho wa dunia hapa ni pa huyu. Ardhi iliyofuata mtindo huo katika delta imeleta madhara niliyoyaona kwa macho na mengine makubwa zaidi ambayo sote tuliyasikia.

Kwanza walikuja wa maji. Kindaruma ilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988: mabwawa matano juu ya mto mmoja, na umeme wake ukawasha taa za nchi. Nairobi nayo hunywa maji ya Ndakaini, bwawa lililojengwa kwenye mto Thika, ambao ni mtoto wa Tana, likamalizika 1994. Siyapingi mabwawa. Lakini kalenda niliyoieleza ilivurugika. Mafuriko madogo ya kila mwaka, yale ya kupandia, yalianza kufika dhaifu au kukosa kabisa, kwa kuwa Masinga huyameza. Yale makubwa bado huja, na huja kwa hasira, kwa sababu bwawa likijaa halina budi kumwaga. Kule Ozi, karibu na mdomo, maji matamu yakipungua bahari hupanda mtoni na mpunga huungua kwa chumvi. Mkulima wa chini amepoteza mafuriko ya neema akabakiwa na ya balaa.

Kisha wakaja wa matuta. Mamlaka ya serikali ya kuendeleza bonde la Tana, TARDA, iliyoundwa 1974, ilitengeneza mashamba makubwa ya mpunga upande wa Gamba kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kwa mkopo wa Japani: mabonde yaliyozungushiwa kuta za udongo, mifereji iliyonyooka, milango ya maji. El Niño ya 1997 na 1998 ikazibomoa kuta hizo, na kwa miaka mashamba yakalala. Mto ulifanya ulichokuwa ukikifanya sikuzote. Kabla ya hapo mabonde hayo yalikuwa malisho ya Waorma wakati wa kiangazi, na vijiji vingine vililima humo. Mwaka 2008 likaja pendekezo la kuotesha miwa katika hekta 20,000 kwa ubia wa TARDA na kampuni ya Mumias Sugar. Muwa hukaa shambani mwaka mzima na zaidi. Haumpishi ng'ombe mwezi wa pili wala haumngoji mpanzi mwezi wa saba. Wakulima na wafugaji, ambao magazeti hupenda kuwaeleza kama paka na panya, walikwenda mahakamani pamoja.

Na bado, mwaka 2012, waliuana. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Reketa kilishambuliwa na zaidi ya watu 50 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Ikafuata Chamwanamuma, ikafuata Kilelengwani, na kabla ya Krismasi ikawa Kipao. Vilichomwa vijiji vya pande zote mbili. Waliokufa mwaka ule walizidi 100. Nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza wa serikali za kaunti, na kila mwenye macho aliona kuwa viti vipya vilikuwa na thamani ambayo haikuwapo kabla. Siasa ilipuliza moto, hilo silikatai. Lakini kuni zilikuwa zimekaushwa kwa miaka: malka zilizolimwa, malisho yaliyozungushiwa kuta, mafuriko yasiyofika kwa wakati, ng'ombe wanaofika mtoni mapema kwa ukame na kukuta mpunga bado umesimama. Watu walioishi kwa kupeana zamu walilazimishwa kutaka vyote kwa wakati mmoja. Nilipopita upande ule baadaye, nguzo za nyumba zilizoungua zilikuwa bado zimesimama chini ya miembe iliyokwajuka upande mmoja, na upande wa pili miembe ileile ikizaa.

Mwaka huohuo wa damu, 2012, delta iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya wenyeji kwamba serikali itayarishe mpango wa matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wakaaji wenyewe. Mpango huo ulizinduliwa 2015 baada ya mikutano mingi ya vijiji. Nimeusoma kwa heshima, kwani ni mara chache waraka wa serikali kutaja malka, nyasi za kiangazi na mashamba ya kingoni katika ukurasa mmoja. Nafasi yake katika sheria ndiyo inayonitia wasiwasi. Hati ya ardhi ina nguvu mbele ya hakimu. Mpango huombwa uheshimiwe.

Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara mpya ya Lamu, ile ya lami tuliyoisubiri miaka nenda miaka rudi, na kabla watu hawajarudi majumbani yakaja ya Aprili na Mei 2024. Familia zilihamia chini ya maturubai kando ya barabara pamoja na kuku na magodoro. Kila mara hali hii ikitokea huibuka sauti, mara nyingi kutoka Nairobi, kuuliza kwa nini watu hawa hawahami moja kwa moja. Anayeuliza hivyo anadhani kijiji ni nyumba. Nyumba ya Golbanti inaweza kuhama, na imehama mara nyingi. Ndiyo maana kuna miembe isiyo na watu. Kisichoweza kuhama ni ule ukanda wa ukingo, kunde, mpunga na nyasi, na zile zamu za mwaka zinazoufanya ulishe watu. Mpeleke mtu wa Golbanti kwenye nyumba ya mabati kando ya lami, umpe na hati, na usimwachie njia ya kurudi bondeni maji yakinywea, utakuwa umemwokoa na maji na kumwacha na njaa.

Kwa hiyo wapimaji wakija, na wanakuja, kwani usajili wa ardhi ya jamii chini ya sheria ya 2016 unasonga mbele katika kaunti nyingi, ningewaomba wabebe kalenda pamoja na vipimo vyao. Malka iandikwe na miezi yake. Bonde liandikwe mara mbili: nani hulitumia maji yakiwa yameondoka tu, na nani hulitumia mavuno yakiisha. Chora Golbanti ya mwezi wa tano, kisha chora Golbanti ya mwezi wa pili, uziweke karatasi mbili katika faili moja, na hakimu atakayeamua kesi alazimike kuzifungua zote. Na kabla wazee walioyaona mafuriko ya 1961 hawajatuacha, walimu wa shule za Golbanti, Ngao na Oda wangeweza kuwatoa wanafunzi darasani asubuhi moja, wakazunguka nao kijijini wakionyeshwa maji yalifika wapi mwaka ule, wapi 1997, wapi 2018, wapi 2023, na kupaka rangi alama kwenye kuta za shule na za kanisa, pamoja na mwaka na mwezi. Rangi kopo moja inatosha kijiji kizima.